Tope Hadi Magotini

Kila asubuhi Henuti alijitwika mtungi na kushuka mtoni. Mto mkuu ulikuwa umerudi ndani ya kingo zake baada ya mafuriko marefu, ukaacha mashamba meusi yanayong'aa kama mgongo wa kiboko. Henuti alichota maji, akawanywesha mabata, akampelekea mama yake ya kukandia unga, kisha akala mkate na kitunguu akiwa amesimama.

"Wewe mtoto, una siafu miguuni?" mama yake aliuliza, huku akimnyonyesha mdogo wake. "Kaa ule."

"Nawahi shamba la juu, mama."

Hiyo ndiyo kazi aliyopewa mwaka huo. Baba yake, Senebi, alikuwa akishinda na wanaume wa kijiji wakiziba tuta lililobomolewa na mafuriko. Shamba la juu lilikuwa mbali, ng'ambo ya mfereji, na ilibidi mtu alikanyage kila siku. Mguu ukizama hadi gotini, bado. Ukizama hadi kifundoni tu, mbegu zimwagwe siku hiyohiyo. Siku hiyo ikipita, tope hukauka likawa gumu kama tofali, na mbegu huwa chakula cha ndege. Katika nchi hiyo hakuna aliyengoja mvua. Mto ukishaleta umeleta, mpaka mwaka mwingine.

Alipofika kwenye gati, rafiki yake Tabesi alimpungia mikono yote miwili.

"Henuti! Kimbia! Kuna mashua ya kutoka kusini, imejaa tumbili!"

"Natumwa shamba."

"Shamba lina miguu? Litakimbia?"

Henuti akasema atatazama kidogo tu. Tumbili mmoja alimpora baharia kitunguu, akapanda nacho mlingotini na kumtemea maganda kichwani. Wasichana walicheka hadi wakashika mbavu. Henuti alipokumbuka kazi yake, jua lilikuwa utosini. Alitazama miguu yake mikavu, safi. Halafu akashuka ukingoni, akaingia kwenye tope la mto mpaka magotini, akatoka.

Jioni baba yake alirudi amechoka. "Haya, mama mwenye shamba, linasemaje?"

Henuti alinyoosha miguu. "Bado linameza, baba."

"Vizuri. Acha kwanza tumalize tuta."

Kesho yake mashua ilikuwa bado ipo. Henuti alijipaka tope tena, na uongo wa pili ulitoka laini kuliko wa kwanza. Lakini usingizi haukuja laini. Aligeuka huku, akageuka huku, mpaka mama yake akamuuliza kama amelalia miiba.

Kulipokucha, upepo wa moto ulianza kuvuma kutoka jangwani. Henuti na mama yake walikuwa mtoni wakifua. Nguo zilikauka kabla hawajamaliza kuzianika. Jirani yao, mzee Ankhu, akapita na mbuzi zake.

"Upepo gani huu!" alisema. "Afadhali mimi nilipanda jana. Nyie mnangoja nini? Shamba lenu si liko juu zaidi ya langu?"

"Letu bado tope tupu," mama alijibu. "Henuti analikanyaga kila siku."

Ankhu alimtazama msichana. "Ajabu," akasema, akaenda zake.

Henuti aliitupa nguo aliyokuwa akiikamua, akakimbia. Mama yake aliita, hakugeuka. Alipita mfereji na kupanda hadi mwisho wa shamba, akakanyaga. Mguu haukuzama. Uliacha alama ya vidole tu, na pembeni yake ardhi ilikuwa imepasuka. Aliteremka chini kidogo, akakanyaga tena. Huko tope lilimshika kifundoni, lakini juu yake ukoko ulikuwa umeanza.

Shayiri ya mwaka mzima ilikuwa hapo. Mkate wa mwaka mzima.

Angeweza kusema shamba limekauka ghafla kwa sababu ya upepo. Wangemwamini. Aliwaza hayo akikimbia, na alikuwa bado anawaza alipofika kwenye tuta, mbele ya wanaume wote.

"Baba! Shamba linakauka. Sikwenda jana, wala juzi. Tope lile nilijipaka mtoni."

Mwanamume mmoja akaangua kicheko. "Senebi, binti yako fundi wa kupaka! Tumpe hili tuta!"

Senebi hakucheka. Aliweka kikapu cha udongo chini. "Limekauka lote?"

"Juu limepasuka. Chini bado linashika kifundo."

"Basi kimbia kwa Ankhu, uombe mbuzi. Sababu umweleze mwenyewe, kwa kinywa chako."

Hiyo ilikuwa adhabu kali kuliko fimbo. Henuti alieleza akitazama vidole vyake vya miguu. Ankhu alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua zizi. "Chukua. Huyo mwenye sikio jeusi ni mkaidi kama wewe. Mtaelewana."

Baba alimwaga mbegu, Henuti akaswaga mbuzi nyuma yake ili wazikanyage ziingie ndani. Mama, mtoto mgongoni, alifukuza ndege. Sehemu ya juu walivunja mabonge kwa jembe la mti, na kuanzia siku hiyo Henuti aliimwagilia kwa mtungi kutoka mfereji, asubuhi na jioni, mpaka mabega yakachubuka. Mashua iliondoka na tumbili wake. Yeye hakuiona.

Shayiri ya chini iliota nzito. Ya juu iliota kwa taabu, huku na kule, lakini iliota. Senebi alichuchumaa kando ya binti yake.

"Mto umetoka mbali kutuletea udongo huu," alisema. "Sisi tuliachiwa kazi ndogo tu, kutazama na kusema tulichokiona. Ukiniletea habari mbaya, nitajua pa kuanzia. Ukiniletea uongo, mimi nalala na shamba linakufa. Umeelewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, baba. Mwakani utamtuma nani?"

"Wewe."

"Utanifuata nyuma?"

"Nikikufuata, nimekutuma kwa nini?"

Henuti aliinamisha mtungi, akayamwaga maji taratibu kwenye miche myembamba.