Huduma ya Undugu

Saa tatu asubuhi, Mei 2015, meli iliyojaa wakimbizi kutoka Burundi ilifunga gati Kigoma. Honorata, mwandishi wa programu kutoka Mwandiga, alisimama juani na kompyuta ya kuwaandikisha mkononi, gauni la kitenge cha njano limemganda mgongoni kwa jasho.

"Dada, una programu tatu hapo," sauti ilisema nyuma yake. "Ya bandari, ya zahanati, ya chakula. Ukirekebisha moja, mbili zinabaki mbovu."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe, matope hadi magotini.

"Na wewe ni mkaguzi?"

"Jean Hatungimana. Mwezi uliopita nilikuwa naandika programu Bujumbura. Leo natafuta maji ya kunywa."

Honorata alimpa chupa yake ya maji.

Jean alibakizwa mjini kama mkalimani, na kila jioni walizijenga upya programu pamoja: msingi mmoja, kila kazi iwe huduma, yaani kipande kidogo kinachojitegemea, kila kituo kikichagua huduma zake. Programu zile tatu zilizaliwa upya humo, kila moja na sura yake. Walikula samaki wa migebuka ufukweni Kibirizi, wakabishana, wakacheka. Siku moja Jean alimwita mpenzi, naye hakumkosoa.

Kisha simu ya ofisi ililia. Mwanamke alikuwa akilia. "Namtafuta Jean Hatungimana. Mwambie Révérienne Ndayikunda yuko bandarini, hai."

Honorata aliiuliza programu kama wawili hao ni ndugu. Jibu: si ndugu. Aliamini jibu hilo, maana huduma ya undugu, inayotambua nani ni ndugu wa nani, aliiandika mwenyewe kabla Jean hajaja, na waliihamisha kama ilivyokuwa. Kama si ndugu, basi ni mke, aliwaza, akamtumia Jean ujumbe: mkeo amefika bandarini. Baada ya hapo hakupokea simu zake hadi jioni.

"Mpenzi, mke gani?"

"Révérienne. Programu inasema si ndugu yako."

"Inajuaje?"

"Inalinganisha majina ya mwisho."

"Kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Révérienne ni mushiki wanje, dada yangu, tumbo moja. Na wengine, Honorata? Mabasi ya kambini yanapangwa kwa hiyo programu; wasio ndugu hupandishwa mabasi tofauti."

Honorata alifungua huduma ile moja tu, akafuta kanuni ya majina, akaweka swali jipya: baba yenu nani, mama yenu nani? Usiku huo makarani wa vituo vyote walipita wakiuliza watu. Msingi hakuugusa, wala programu moja kati ya zile tatu. Asubuhi, bandarini, zahanati na penye chakula, majina yaliyokuwa yametawanyika yalianza kusogeleana kwenye skrini, kaka kwa dada, familia baada ya familia. Honorata alitazama bila kupepesa, vinyweleo vimemsimama.

"Huduma moja," alinong'ona.

"Moja," Jean alisema kando yake. "Nisamehe nilivyokucheka juu ya zile tatu."

"Mimi ndiye wa kuomba radhi. Nilikuoza bila mahari."

"Naenda kambini na dada. Basi nikipata kibali cha kutoka, nije kwa baba yako Mwandiga?"

"Njoo na Révérienne. Yeye ndiye atakayekusemea."

Basi la kambini liliondoka saa nane mchana. Jean na dada yake walikaa kiti kimoja.