Alama za Bibi

Kila Jumapili, Bibi alimsuka mjukuu wake kibarazani. Alikibana kichwa cha mtoto katikati ya magoti, kisha utani ukaanza.

"Tulia, mke mwenzangu!"

"Bibi, unaniumiza!"

"Ukitaka uzuri, sharti udhurike."

Kisha kiharusi kikampata Bibi. Mkono wake wa kulia ukalegea. Binti yake, mama wa mtoto yule, akawa anamlisha, anamvisha na kumfunga vifungo. Wageni wakija, huwaambia, "Mama hajiwezi." Alisema hivyo kwa mapenzi, lakini Bibi akisikia huinamisha kichwa.

Hospitalini walimkuta mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Kazi yake ni kuwasaidia wagonjwa warudie shughuli zao. Alimwekea Bibi ubao wa matundu na vijiti vya kuchomeka. Bibi alihangaika na kijiti kimoja, akausukuma ubao.

"Vijiti vyenyewe vya nini? Mimi siji tena!"

Binti aliingiwa na hofu. Bila mazoezi, mkono ungekakamaa.

Mtaalamu aliweka ubao kando. "Kosa langu, Bibi. Ubao unanionyesha vidole tu, haunionyeshi maisha yako. Kuna kipimo kinachoanza na mgonjwa mwenyewe. Unatamani kufanya nini?"

"Kufunga vifungo," binti akadakia.

"Samahani dada, mgonjwa ni nani?"

Binti akaziba mdomo. Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Vifungo yupo wa kunifunga," alisema. "Mimi nataka kumsuka mjukuu wangu."

"Leo unajipa alama ngapi kati ya kumi?"

"Moja. Na hiyo ya huruma."

Mtaalamu alifunga nyuzi nene kwenye kiti, akamwambia asuke. Akaona kidole gumba ndicho kinachoteleza. Mazoezi yakaanzia hapo. Nyumbani, Bibi alisuka nyuzi kila siku. Binti aliagizwa asimkimbilie kumsaidia. Maskini, ilibidi aikalie mikono yake mwenyewe!

Baada ya miezi kadhaa, walirudi hospitalini pamoja na mtoto. Kichwani alikuwa na mistari ya Bibi. Ilipinda, na mmoja ulipotelea sikioni.

"Leo alama ngapi, Bibi?" mtaalamu aliuliza.

"Kumi!" binti alisema, machozi yakimlengalenga.

"Wewe nyamaza, aliyesuka ni mimi." Bibi alikigeuza kichwa cha mjukuu huku na huku. "Sita."

"Mbona sita, Bibi?" mtoto alilalamika. "Mimi nimependeza!"

"Umependeza, mke mwenzangu. Lakini Jumapili lete kitana. Nazifuata nne zangu."