Kovu la Hiribae

Kila asubuhi Gumato alikamua ng'ombe, akapeleka maziwa mjini Garsen. Mumewe, Hiribae, alichunga mifugo. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka kumi na miwili. Lakini mwaka huo, 1956, tangu masika, Hiribae alihamia kulala nje na ng'ombe. Mkewe akimkaribia, alijifanya ana kazi.

Gumato aliumia sana. Aliamini mumewe amepata mwanamke huko Hola.

Asubuhi moja alimkuta Mzee Abduba, fundi wa kutibu wagonjwa kwa kuwachoma na chuma cha moto, akipuliza moto mbele ya nyumba yao. Chuma kilikuwa ndani ya makaa.

"Unaumwa wapi, Baba Sadia?" Gumato alimuuliza mumewe.

"Ni mambo ya wanaume. Nenda zako."

Gumato hakwenda zake. Alitupa chini kibuyu cha maziwa, akakimbilia zahanati kumwita Jairus, dresa wa Kipokomo aliyetibu wagonjwa pale na kununua maziwa yake. Walipofika, chuma kilikuwa chekundu.

"Mzee, ngoja kidogo," Jairus alisema huku akihema. "Bwana Hiribae, niambie mimi kwanza. Siri yako haitatoka."

Wakaingia ndani wawili tu. Hiribae, aliyewahi kufukuza simba kwa fimbo, aliona haya kutaja kinachomuuma. Mwishowe alisema uume wake una uvimbe mgumu, kama punje ya hindi. Ukisimama unapinda, unauma, na umekuwa mfupi.

"Nimerogwa," alisema.

Jairus alimpima. "Hujarogwa. Si ugonjwa wa zinaa, wala hutamwambukiza mtu. Ndani pana kovu. Kovu halinyumbuki, ndiyo maana uume unavutwa upande mmoja na kufupika. Pengine uliumia bila kujua, ukiwa na mkeo. Hutokea."

"Basi Abduba alichome liishe."

"Akichoma, ataongeza kovu juu ya kovu. Unaweza kushindwa hata kukojoa! Na usijaribu kuunyoosha kwa nguvu."

"Utarudi kama zamani?"

Jairus hakumdanganya. "Pengine hautarudi. Lakini maumivu kwa kawaida hupungua, ingawa huchukua miezi. Nitakupeleka kwa daktari. Na mkeo umwambie leo."

"Atanicheka."

"Yuko nje analia. Hacheki."

Hiribae alitoka. Alimwomba Abduba radhi, akamwambia aondoe chuma motoni. Mzee aliondoka amenuna. Kisha Hiribae alimweleza mkewe yote, macho yake chini.

"Kumbe!" Hasira ilimpanda Gumato. "Miezi mitano nalala peke yangu! Huyo mwanamke wako wa Hola nilishamchora kichwani mpaka sura!"

Halafu akamshika mkono, akalia tena, safari hii kwa kushukuru.

Daktari alisema yale yale aliyosema Jairus. Mwaka uliofuata maumivu yalikuwa yamekwisha. Uume ulibaki umepinda kidogo, na urefu uliopotea haukurudi. Mwanzoni Hiribae alihuzunika. Lakini yeye na mkewe walijifunza kwenda polepole, na kuambiana panapouma na pasipouma. Mambo yao yakawa mazuri.

Siku moja Darmi, dada yake Gumato, alikuja kuwatembelea. Alimwona shemeji yake akicheka na mkewe mlangoni. Alipompata Gumato peke yake, alimnong'oneza: "Yule mwanamke wa Hola ameachwa?"

"Hapakuwa na mwanamke," Gumato alijibu. "Alikuwa ananiogopa mimi."