Gari Lililozibwa

Mwaka ule wa mvua za Elinino, Habibu aliingia garini asubuhi moja, akateremsha miguu, na viatu vyake vikazama majini. Hilo peke yake halikumshtua. Stesheni wagoni yake ilikuwa ya zamani kuliko ndoa yake, na mvua ilikuwa imenyesha Tunduma usiku kucha. Kilichomfanya atulie na mkono wake kwenye ufunguo ni kwamba maji yale yalikuwa ya uvuguvugu. Nje kulikuwa na baridi ya kuumiza meno. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe. Lakini maji ya miguuni yalikuwa na joto la maji ya kumwogeshea mtoto.

Aliyachota kwa kopo, akafuta kwa tambara, akaenda kutafuta abiria wa Vwawa na Mlowo. Hakumwambia mtu. Miezi ile alikuwa mtu wa kuchoka. Alichoka na matope ya barabarani, alichoka na foleni ya malori mpakani, na alichoka kurudi nyumbani akiwa ameloa magoti wakati kutwa nzima hakushuka garini.

Gari alilinunua Isansa kwa mwalimu mstaafu aitwaye Osea. Lilikuwa limesimama miaka mingi ubavuni mwa nyumba, pale ambapo maji ya bati yalidondokea moja kwa moja juu ya paa lake. Osea hakuficha kwamba linavuja. Alisema tu, huku akikwepa macho ya Habibu, kwamba kiangazi halina shida kabisa.

Mvua zilivyozidi, harufu nayo ikaja. Ilikuwa harufu ya tope la mtoni, na ndani yake kulikuwa na kitu kingine, kama marashi yaliyokaa muda mrefu sandukuni. Abiria walifunika pua. Mwishowe mke wake Naila, ambaye alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, alimwambia, "Habibu, mpeleke kwa fundi. Hata nguo zako za kuswalia zinanuka mto."

Alisema "mpeleke", kama mtu anayezungumzia mgonjwa. Habibu aliliona neno hilo, akaliacha lipite.

Fundi aliitwa Mbonile, Mnyiha wa Iyula mwenye gereji ya bodi nyuma ya maghala ya mahindi. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Aling'oa viti vyote, akanyanyua kapeti, akakamua sponji iliyokuwa chini yake. Maji yalitiririka kama anakamua nguo iliyotoka kufuliwa.

"Hili halivuji mahali pamoja, bosi," alisema. "Tutalitafuta polepole. Ukikimbilia kupaka silikoni kila unapoona unyevu, utaziba pasipovuja na panapovuja patabaki."

Walilianika mpaka likakauka. Kisha Mbonile akanyunyiza poda ya mtoto sakafuni, ukutani na kwenye kingo za milango, ili maji yakipita yaache njia yao. Habibu aliingia ndani na tochi, milango ikafungwa, na Mbonile akaanza kumwaga maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda juu, sehemu moja moja.

Kazi ilikuwa ya kuchosha, lakini ilizaa matunda. Chini ya waipa kulikuwa na majani yaliyooza, yameziba matundu ya kutolea maji, hivyo maji yalijaa na kumwagikia ndani. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umepasuka kwenye kona ya juu. Nailoni ya ndani ya milango ilichanwa zamani na mtu aliyefunga spika. Mpira wa buti ulikuwa umelala kama kamba iliyochoka. Kila walipopata tundu, Mbonile aliweka alama ya chaki.

Walipofika kwenye paa, Habibu alimulika pale kiti cha nyuma kilipokuwa, upande wa kushoto, akaona mchirizi mpya kwenye poda. Ulikuwa mwembamba, safi, wenye upana wa kidole. Aliutazama ukirefuka. Ulianzia sakafuni, ukapanda ukutani, ukapita kwenye ukingo wa dirisha, ukaendelea kupanda kuelekea darini. Na karibu sana na sikio lake, mtu alishusha pumzi kama anavyoshusha mtu aliyekaa chini baada ya kutembea sana.

Alifungua mlango, akatoka.

"Fundi, njoo uone."

Mbonile aliingiza kichwa. Aliutazama mchirizi ule kwa muda, akatoa tambara mfukoni, akaufuta.

"Maji hayapandi," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeyaona yakipanda."

"Na mimi nimeona. Tuzibe, bosi. Tuzibe tumalize."

Akaziba. Alisafisha matundu, akabadilisha mpira wa kioo, akabandika nailoni mpya milangoni, akaweka vizibo vipya vya mpira sakafuni na kuvizungushia gundi. Alifanya kazi kama mtu anayefunga nyumba yake kabla ya vita. Alipomaliza walimwagia gari maji kwa ndoo na kwa mpira, na hakuna tone lililoingia. Habibu alilipapasa kapeti kwa viganja vyote viwili, likiwa kavu, akahisi usingizi wa raha ambao hakuupata tangu mvua zianze.

Raha hiyo haikudumu. Siku moja isiyo na mvua, akitoka Tunduma na gari limekaribia kujaa, vioo vilianza kuingia ukungu. Ulianzia nyuma kushoto, ukasambaa. Habibu alifuta kioo cha mbele kwa kiganja, kiganja kikarudi kimelowa, kina uvuguvugu.

Mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa amekaa kiti cha nyuma, katikati. Upande wake wa kulia kulikuwa na kijana aliyesinzia. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu, kwa sababu kila abiria aliyejaribu kukaa pale siku ile alihamia kwingine bila kusema kwa nini.

"Mwapoleni, mayo," yule mama alisalimia kwa Kibemba, kwa heshima ya kumwamkia mama, uso wake ukielekea kushoto.

Habibu alimwona kwenye kioo. Alimwona akisubiri, akisikiliza, akiinamisha kichwa kama mtu anayesemeshwa na mkubwa wake. Kisha uso wake ukabadilika, akakumbatia furushi lake kifuani.

"Dereva," alisema taratibu, "nishushe hapa."

"Mama, hapa ni porini. Vwawa bado."

"Nishushe hapa. Na huyu mama wa huku umfungulie. Anasema hapati pa kupitia."

Habibu alirudi nyumbani akiwa amejikunja juu ya usukani. Alimweleza Naila kila kitu, tangu maji ya kwanza ya uvuguvugu. Naila alisikiliza huku ameshika tumbo.

"Liuze," alisema.

"Nimuuzie nani? Nimpe mtu mwingine kitu hiki, nikalale?"

"Basi Ijumaa twende wote kwa fundi," alisema Naila. "Wewe ukienda peke yako utakubali lolote, kwa kuwa umechoka."

Ijumaa walifika gereji kabla ya adhuhuri. Habibu na Mbonile walisimama chini ya kibanda cha bati wakiongea kwa kunong'ona. Naila alibaki uani, akizunguka gari. Mvua ilipoanza ghafla, matone makubwa, alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: alifungua mlango wa nyuma, akaingia kujikinga.

Mlango ulijifunga wenyewe.

Habibu aligeuka kwa sababu kelele ya mvua ilibadilika, ikawa kama inapiga juu ya pipa tupu. Aliona vioo vyote vikiwa vyeupe. Alidhani ni pumzi ya Naila. Kisha akaona chini ya ule weupe mstari mweusi ulionyooka, na mstari ule ulikuwa unapanda, na alipokuwa akikimbia kuvuka uani huku miguu ikiteleza matopeni alielewa kwamba yale ni maji, maji yaliyo ndani ya gari, yanayojaa kutoka ndani wakati mvua yote ya Mungu iko nje na haipati hata tundu la sindano la kuingilia, na kwamba kiganja kinachopigapiga kioo kutoka ndani ni cha mkewe, na kwamba pembeni ya kiganja kile, kwenye kioo cha kushoto, kuna kiganja kingine, kirefu, kilichotulia, ambacho hakipigi chochote, kimeegemea tu kioo kama cha mtu anayetazama mvua ya nyumbani kwao asiyoweza kuifikia.

Alivuta mlango. Haukufunguka. Mbonile alipiga kioo kwa spana, na spana ikalia kama imepiga reli. Maji yalikuwa yamefika kifuani mwa Naila. Mbonile alitupa spana, akachukua bisibisi na nyundo, akajitupa chali kwenye matope chini ya gari, akaanza kupiga vizibo vya sakafu alivyovibandika kwa mkono wake mwenyewe, akipiga na kukohoa na kutaja jina la Bwana, na gundi yake ilikuwa nzuri, ilikuwa nzuri mno, haikutaka kuachia, mpaka kizibo kimoja kikatoboka na maji yakamrukia usoni, ya moto kidogo, ya rangi ya kahawia, yananuka mto na marashi.

Mlango ulifunguka. Habibu alimvuta Naila nje, wakaanguka wote uani. Naila alitapika maji, akashika tumbo, akakaa akisikiliza ndani yake. Baadaye kidogo akasema, "Anacheza. Mtoto anacheza." Habibu akaficha uso wake begani kwake.

Lakini ndani ya gari, kiti cha nyuma kushoto kiliendelea kutoa maji, kidogo kidogo, kama jeraha.

Mbonile alikuwa Mkristo wa Kimoraviani, lakini ndiye aliyesema, "Msikiti hauko mbali. Nenda kamwite Mwalimu Yassir."

Mwalimu Yassir alifundisha watoto Kurani na kuuza matairi yaliyotumika. Alikuja akiwa ametoka tu kuswali, ana mafua, kanzu ameipandisha ili isiguse tope. Hakuonekana kufurahi kuitwa. Alizunguka gari, akanusa, akamgeukia Naila, ambaye walikuwa wamemfunika koti la Mbonile.

"Alikwambia nini, binti yangu?"

"Hakunitisha," Naila alisema. Meno yake yaligongana. "Alikuwa ananiuliza. Kwa adabu, kama bibi anayeuliza njia. 'Nitokee wapi? Nitokee wapi?' Na kila alivyouliza, maji yanapanda. Nafikiri alikuwa analia."

Mwalimu alifuta pua, akamtazama Mbonile. "Umeziba wapi?"

Mbonile akataja moja moja: kioo, milango, buti, sakafu. Alitaja bila majivuno, kama anayekiri.

"Huyu ni wa maji ya mvua," Mwalimu alisema. "Gari lilikaa chini ya bati miaka yote hiyo, akalizoea. Mvua ikija anaingia nayo, mvua ikienda anaondoka nayo. Nyinyi mliona linavuja. Kumbe pale ndipo palipokuwa mlango wake. Mmemfungia ndani."

"Si tumetoboa chini?" Habibu aliuliza. "Kwa nini hajatoka?"

"Chini ni ardhini, na ardhini kuna wenyewe. Alishuka kutoka juu. Atatokea juu." Akamwambia Mbonile, "Fungua palepale alipokuwa akipitia."

Mbonile alipanda kwenye boneti katika mvua. Kwa ncha ya bisibisi alinyanyua mpira mpya wa kioo cha mbele, kwenye kona ya juu, akaukata kipande. Habibu aliona midomo yake inacheza. Mwalimu Yassir alisimama mbele ya gari akasoma, kwa sauti iliyozibwa na mafua, bila kupaza. Alipomaliza kusoma alisema kwa Kiswahili cha kawaida, "Bibi, njia hiyo hapo. Hawakukusudia. Nenda salama na utuache salama."

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha maji yaliyobaki kwenye kiti cha nyuma yakajikusanya, yakavuka katikati ya viti vya mbele kama utepe, yakapanda dashibodi, yakapanda kioo kutoka ndani, membamba, bila haraka, mpaka kwenye kona iliyokatwa. Pale yakakutana na mvua iliyokuwa ikishuka. Ukungu ukafutika kwenye vioo vyote kwa mara moja. Harufu ikaisha.

"Usizibe tena pale," Mwalimu alisema, akiteremsha kanzu. "Kingine chochote ziba. Pale, hapana."

"Na nikilichoma moto?" Habibu aliuliza.

"Utamfanya akutafute." Akaenda zake, akipiga chafya.

Naila alijifungua salama, mtoto wa kike, kabla mvua hazijakatika. Hakuingia tena kwenye gari lile, na Habibu hakumwomba aingie. Yeye aliendelea kulitembeza, maana ndilo lililowalisha. Kiangazi kilipita kikavu, bila neno.

Mvua ya kwanza ya msimu uliofuata ilimkuta karibu na Mlowo, anarudi peke yake, hana abiria. Ilipiga bati la gari kidogo kidogo, kisha ikamwaga. Maji ya baridi yakaanza kudondoka kutoka kwenye kona ya kioo, yakamwangukia gotini. Habibu aliendelea kuendesha. Mwendo mfupi baadaye alihisi gari limelala kidogo kwa nyuma, upande wa kushoto, kama linavyolala abiria anapokaa. Pale kwenye goti, maji yaligeuka ya uvuguvugu.

Hakutazama kioo cha kati. Alikuwa amechoka, na nyumbani kulikuwa bado mbali. Alinyoosha mkono kwenye kiti kitupu cha pembeni yake, akakisogeza mbele mpaka mwisho wa reli yake, ili aliyekaa nyuma apate nafasi ya miguu.