Nyumba Iliyovuliwa Saruji

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, Belarmina Archuleta aliamka mapema kuliko kawaida yake. Alikanda unga, akachoma tortila, mikate yao myembamba, akabandika maharage jikoni. Kisha akatoka kuzitazama ndoo zake nne za rangi. Zilikuwa zimepangwa mlangoni kama wageni wa heshima.

"Leo ndiyo leo," alimwambia mumewe, Eloy. "Ikifika jioni, nyumba hii itang'aa."

Nyumba yao ilikuwa katika kijiji cha Ojo Frío, kaskazini mwa New Mexico. Babu yake Eloy aliijenga kwa matofali mabichi ya udongo. Baadaye baba yake Eloy aliipiga lipu ya saruji kwa nje. Sasa saruji ilikuwa na nyufa, na upande mmoja wa chini ulikuwa umevimba. Mwezi wa Julai binti yao Odila angeolewa, na karamu ingefanyika uani. Belarmina hakutaka wakwe wazione nyufa zile.

Eloy alishika brashi. Kabla hajaichovya, jirani yao Bi Prudenciana aliingia uani. Alikuwa na miaka sabini, na kazi yake tangu ujana ilikuwa kukandika kuta. Hata kanisa la kijiji alilikandika yeye na wenzake.

"Mnapaka rangi?" aliuliza.

"Tunaipendezesha, Bi Prudenciana. Harusi hiyo inakuja."

Mama huyo alisogea ukutani, akagonga kwa kidole. Akasogea hatua mbili, akagonga tena. Safari hii ukuta ulilia kama debe tupu.

"Mmesikia? Hapa saruji imeachana na udongo. Eloy, lete sululu."

"Sululu ya nini, Bibi? Mimi nimeshika brashi."

"Hiyo ni kumpaka mgonjwa poda. Lete sululu."

Eloy alicheka, lakini aliileta. Alipiga mara moja tu. Pande la saruji likaanguka. Nyuma yake matofali yalikuwa yamelowa kama uji mzito. Eloy alisukuma mkono, ukazama hadi kwenye kiwiko.

Hakucheka tena. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo mama yake alipokuwa akilala.

"Baba alisema saruji ni ya milele," alisema polepole.

"Baba yako hakuwa mjinga. Sote tuliamini hivyo," alijibu Bi Prudenciana. "Saruji ni ngumu, lakini hupasuka. Maji huingia kwenye ufa, halafu hayana pa kutokea. Yanashuka chini na kuyeyusha tofali. Udongo hunywa maji kidogo, na jua likitoka unayarudisha. Ukuta wa udongo unataka ngozi ya udongo."

"Na rangi yangu?" aliuliza Belarmina.

"Ungeficha ufa na kuyafungia maji ndani. Na haya maua yaliyobanana na ukuta, nani anayamwagilia?"

"Mimi."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Basi na ukuta unakunywa kila jioni, mwanangu."

Belarmina aliziangalia ndoo zake. Roho ilimuuma. Kisha akafunga kilemba chake vizuri. "Tuna wiki tisa. Zinatosha?"

"Zinatosha, mkiacha kunitazama mkaanza kazi."

Siku hiyohiyo walimhamishia mama yake Eloy chumba kingine. Wakaegemeza paa kwa magogo. Wakaibandua saruji kipande kwa kipande. Belarmina aliyang'oa maua, akayapanda mbali. Eloy alichimba na kuondoa udongo uliorundikana chini ya ukuta, ili maji ya mvua yatiririke kwenda mbali. Mlizamu wa paa ulikuwa mfupi, ukimwaga maji ukutani. Akaweka mrefu. Rangi ya ukuta waliirudisha dukani.

Ukuta uliachwa ukauke wiki tatu. Yale matofali yaliyooza waliyatoa machache machache, wakaweka mapya.

Kisha Bi Prudenciana akawafundisha kupima udongo. Walichanganya udongo, mchanga na mabua ya ngano kwa namna tatu, wakapaka viraka vitatu. Baada ya siku chache, cha kwanza kilipasuka, maana udongo ulizidi. Cha pili kilipukutika, maana mchanga ulizidi. Cha tatu kilishika. Belarmina alikipapasa kama shavu la mtoto.

"Huyu ndiye bwana harusi," alisema.

Siku ya kukandika majirani walikuja na miiko na makarai. Uani kulichangamka kama sikukuu. Odila alikanyaga udongo peku, sketi ameikunja magotini. Walilowesha ukuta kwanza, ndipo wakarusha udongo kwa viganja na kuusambaza.

"Eloy, mikono hiyo imezoea usukani tu," Bi Prudenciana alimtania. "Unaubembeleza udongo. Utupe kwa nguvu, ushike."

"Nikiutupa kwa nguvu unanirudia usoni."

"Vizuri. Na wewe una nyufa."

Watu walicheka hadi wakaegemea makoleo. Tabaka la kwanza la udongo lilipokauka, walipaka la pili, jembamba, wakalisugua kwa ngozi ya kondoo yenye maji. Nyumba ikawa na rangi ya mkate uliotoka motoni. Madirisha waliyapaka buluu. Belarmina alivuka barabara mara tatu ili aitazame kwa mbali.

Siku mbili kabla ya harusi, mvua kubwa ikanyesha mchana. Upepo uliipeleka moja kwa moja ukutani. Belarmina alisimama dirishani akitazama. Udongo ukawa mweusi kwa maji.

Asubuhi jua lilitoka. Ilipofika saa nne ukuta ulikuwa mkavu. Ndani, Belarmina aliweka kiganja chini kabisa, palipokuwa pameoza. Hapakuwa na unyevu. Akaita, "Eloy, njoo uguse!"

Alitoka nje akamkuta mumewe amechuchumaa karibu na mlango. Matone ya mvua yalikuwa yamechimba kishimo kidogo kama yai. Eloy alikuwa na kopo la udongo na mabua.

"Chai inapoa," alisema Belarmina.

"Ngoja. Bi Prudenciana amesema kila baada ya mvua nikague, na kishimo nikizibe kikiwa kidogo."

Alilowesha kishimo, akabandika udongo, akausawazisha kwa dole gumba. Belarmina alichuchumaa kando yake, akachota udongo kwenye kopo, akatafuta kishimo kingine cha kuziba.