Mti wa Mzee na Bledi ya Meno Mengi

Kila asubuhi, mjini Koboko, mwanamke aitwaye Afisa alimpikia mumewe chai, akafunga kitambaa kichwani, kisha akaenda kumsaidia kwenye msumeno wa meza. Mumewe, Jale, alisukuma mbao. Afisa alizipokea upande wa pili. Waliizoea kazi hiyo, na utani haukukosekana.

Wiki hiyo hakuna aliyetania. Walikuwa wakipasua msaji uliopandwa na marehemu baba yake Jale, askari mstaafu. Walitaka kumtengenezea mama yake Jale kitanda, maana mgongo ulimuuma kwa kulala kwenye mkeka. Lakini mashine ililia vibaya, moshi ukafuka, na mbao zikaungua zikawa nyeusi pembeni. Na bledi, ile sahani ya meno inayokata, ilikuwa mpya kabisa! Jale aliileta juzi tu kutoka Arua.

Mama mkwe alisimama mlangoni, machozi yakimlengalenga.

"Mzee iko na hasira," alisema, akimtaja marehemu mumewe. "Hataki mti yake ikatwe. Wacheni. Mimi nitalala kwa mkeka tu."

Afisa alimwonea huruma. Naye alianza kuamini.

Jale alisukuma ubao mwingine. Ghafla ukabanwa, ukaruka nyuma, ukapita karibu na tumbo lake na kugonga ukuta.

"Baba Rashida! Zima!" Afisa alimpigia mumewe kelele, akimwita kwa jina la binti yao. "Leo unataka kunifanya mjane?"

Jirani yao alikuwa akiuza mbao. Mteja wake siku hiyo alikuwa Candiru, mama mmoja mwalimu wa useremala kutoka Mvara, kule Arua. Aliposikia kishindo alikuja mbio.

"Iko mutu ameumia?"

"Hapana, mama," Jale alisema. "Marehemu mzee tu amekasirika kwa sababu ya mti aliyopanda."

Candiru hakucheka. Kwanza alichomoa waya ukutani. Ndipo akainama kuitazama bledi.

"Hii mti haina kosa," alisema. "Kwa nini ulinunua bledi ya meno mingi hivi?"

"Nilifikiri meno mingi inakata haraka, na mbao inatoka laini."

"Laini, ndiyo, ukikata mbao kwa upana. Lakini wewe unapasua kwa urefu. Hapo unga ya mbao inatoka mingi. Meno iko karibu-karibu, unga inakosa nafasi. Bledi inasugua tu. Mbao inaungua, inabana, inakurudia."

"Sasa ninunue gani?"

"Ya kupasua iko na meno kidogo, na nafasi kubwa katikati. Kwa bledi ya inchi kumi, meno ishirini na nne mpaka thelathini. Ya kukata kwa upana, meno sitini au zaidi. Angalia tundu ya katikati ienee sawasawa kwa mashine yako. Na mwendo ya kuzunguka iliyoandikwa kwa bledi isiwe chini ya mwendo ya mashine. Halafu simama pembeni, usisimame nyuma ya bledi."

"Na mikono?" Afisa aliuliza haraka.

"Mikono mbali. Sukuma na kijiti."

Mama mkwe alikuwa bado mlangoni. "Kwa hivyo mzee wangu…?"

"Mzee alipanda mti mzuri sana, mama. Mimi mwenyewe ningeinunua."

Kesho yake Jale alikwenda Arua, akarudi na bledi ya meno machache. Afisa alisimama mahali pake. Ubao ukaingia taratibu. Mashine ilinguruma tu, bila moshi. Ubao ukatoka na rangi yake ya dhahabu, kingo safi. Afisa alishusha pumzi, akacheka mpaka akafuta machozi.

Ile bledi ya meno mengi hawakuitupa. Waliitumia kukatia ncha za miguu ya kitanda.

Kitanda kilipoingia ndani, mama mkwe alikipapasa kwa kiganja. Kisha akajilaza, akaunyoosha mgongo.

"Mgongo iko namna gani, mama?" Afisa aliuliza.

"Imepumzika. Na roho pia."

Kisha akajisogeza kidogo, akaacha nafasi upande wa ukuta.

"Mzee wangu alikuwa analala upande hii," alisema, akitabasamu.