Kirikuu Isiyochuchumaa

Miguu ya Fundi Mbaraka ilikuwa nje. Kichwa na kifua vilikuwa chini ya kirikuu, pikapu yake ndogo. Ndala moja ilibaki mguuni, nyingine ilikuwa imerukia kwenye ndoo ya oili chafu.

Ilikuwa Jumatano, saa moja ya asubuhi, kijijini Utende. Aziza muuza vitumbua ndiye aliyemkuta. Alimpelekea chai kama siku zote, akaita mara mbili, akainama kutazama, na ukelele alioupiga ulisikika hadi kwa watu wa boti kule ghubani.

Inspekta Clotilda aliwasili kutoka Kilindoni na vumbi hadi kwenye kope. Ni kilometa kumi na tano tu, lakini miaka ile lami ya barabara hiyo ilikuwa bado ahadi ya kwenye kampeni. Mtu wa Bukoba huyu, mwaka wake wa nne kisiwani Mafia, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

"Jeki imeteleza, Afande," alisema Koplo Shaibu, mzaliwa wa hapo hapo Utende. "Maskini Mbaraka! Jumamosi kamzika dada yake, leo na yeye."

Clotilda alichutama.

Jeki ya mafuta ilikuwa imesimama wima. Jeki iliyoteleza hulala chini. Hii ilikuwa imenywea taratibu, skrubu yake ya kushushia imelegezwa, na mafuta mekundu yametona mchangani. Fimbo ya kulegezea skrubu hiyo ilikuwa imetupwa hatua mbili kutoka kwenye gari, mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala chini yake usingefika.

"Shaibu, ukiwa umelala chini ya gari, utaishusha jeki mwenyewe?"

"Afande, niwe nimerukwa na akili?"

"Basi usiniambie imeteleza."

Aziza, macho mekundu, alisogea. "Na gogo liko wapi?"

"Gogo gani, dada?"

"La mnazi. Mbaraka haingii chini ya gari bila kuliweka gogo. Hata akiokota spana tu. Alikuwa akisema haamini jeki, hata iwe ya Mjapani."

Gogo lilikuwa ukutani, limelazwa vizuri kabisa. Juu yake palikuwa na alama mbichi ya ekseli, nyuzi za mti zimebonyea na bado zina unyevu. Muda mfupi uliopita gogo hilo lilikuwa limebeba gari. Kuna mtu alilivuta.

"Piga picha," Clotilda alimwambia Shaibu. "Jeki na fimbo zifungwe, ziende Dar kupimwa alama za vidole. Haya ni mauaji."

Sasa, kirikuu ile haikuwa kirikuu ya mchezo. Mbaraka aliibadilisha mwenyewe, mwaka ule alipomwona mjamzito wa kisiwa cha Juani akijifungulia kwenye tela la trekta katikati ya barabara. Akaenda Dar, akarudi na tabo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, aliyoifungua kwenye gari bovu, akaifunga kwenye ile injini ndogo, na kigari kikawa kinapanda mlima na mluzi wake, fiiii, kama hakina kitu. Nyuma akatoa springi za kiwandani. Akaweka mabamba marefu, membamba, matatu matatu kila upande, na shokapu mbili za ziada, kisha juu akatandika godoro. Wajawazito wa Utende na Chole walikuwa wakiusikia mluzi ule na roho zao zinatulia.

Na Jumamosi ndani ya gari hilo hilo alimbeba dada yake, Kijakazi. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, mzima. Mama hakuamka.

Clotilda alipitisha kidole kwenye springi za nyuma, akihesabu.

"Kushoto mabamba matatu. Kulia saba."

Juu ya gunia, karibu na mkono wa marehemu, yalikuwapo mabamba manne mazito, yamefunguliwa asubuhi ile ile. Nati zake zilikuwa bado zimo kwenye kifuniko cha kopo.

"Saba si ya wagonjwa, Afande," Shaibu alisema polepole. "Saba ni ya kubebea mzigo; gari likiwa tupu, linarukaruka."

Clotilda akafunua godoro. Chini yake bodi ilikuwa nyeupe kwa unga wa mawe, na kwenye pembe palikuwa na vipande vya matumbawe.

"Aliyaongeza. Na leo alikuwa anayatoa," alisema. "Nataka kujua alikuwa akimbebea nani."

*

Bi Mwanamkuu, mama wa Mbaraka na Kijakazi, alikuwa ameketi mkekani na mjukuu wa siku tano mapajani. Clotilda alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu nitampata lini nimzike?"

"Daktari akimaliza uchunguzi wa maiti, mama. Jioni, naahidi."

"Haya." Hakulia. Machozi yalikuwa yamekwisha tangu Jumamosi.

"Mama, siku ya Kijakazi ulikuwamo garini?"

"Nilikuwamo nyuma, nimempakata. Gari lile, mwanangu, lilikuwa kitanda! Nimewahi kusinzia ndani yake kutoka hapa hadi hospitali. Siku ile likawa linaruka kama punda. Nikamlalia mwanangu asirushwe. Nikapiga kioo, Mbaraka, punguza! Akipunguza, damu inazidi na hospitali iko mbali. Akikimbia, tunarushwa, damu inazidi."

"Ulimuuliza kwa nini liliruka?"

"Nilimuuliza hapa hapa matangani. Alilia. Akasema, mama, nikilirudisha lilivyokuwa nitakuja nikueleze yote. Jana akaniambia, kesho."

"Nani mwingine alisikia?"

"Nani tena? Mkwe wangu tu, Ukasha, mume wa marehemu." Akamfunika mtoto vizuri. "Huyo ndiye mwana niliyebaki naye. Tangu msiba haendi kwake Kiegeani, yuko hapa anamtazama mwanawe. Ijumaa mtoto anatimiza siku saba, atanyolewa, na bado nasubiri babaye anipe jina."

"Alfajiri ya leo alikuwa hapa?"

"Alikwenda msikitini."

Clotilda alimtazama yule mtoto. Ngumi yake ilikuwa imeshika pindo la kanga ya bibi. Ikiwa ni yule anayemdhania, mtoto huyu hatabakiwa na mtu ila kikongwe huyu, na atakayemfanyia hivyo ni yeye Clotilda. Alitamani awe amekosea. Lakini alikuwa na miaka kumi na sita kazini, na moyo wake ulimwambia hakukosea.

*

Kwenye geti la hifadhi ya bahari, mlinzi wa zamu alikuwa Goodness, binti wa Moshi, na daftari la magari mbele yake.

"Kuchimba matumbawe humu ni marufuku, si ndiyo?"

"Marufuku kabisa, Afande. Mtu anafungwa."

"Na mnajuaje gari limebeba mawe? Mnafungua kila turubai?"

"Ah wapi! Tutafungua mangapi? Tunatazama nyuma. Gari lenye mawe linachuchumaa, nyuma inashuka. Likichuchumaa, tunalisimamisha."

"Kirikuu ya Mbaraka mliwahi kuisimamisha?"

"Ile? Inapita nyuma iko juu kama imetoka dukani. Na ni gari la wagonjwa, nani ataisimamisha?"

Clotilda alifungua daftari. Mwezi uliopita kirikuu ilikuwa imetoka mara nane. Zote nane ziliandikwa neno moja, kwa mwandiko mmoja: *tupu*.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wa mwenzangu, Ukasha."

Kiegeani hakukuwa mbali. Nyumba ya Ukasha ilikuwa ya udongo, safi, mlango umefungwa. Ubavuni mwake kilikuwa kimeanza kuinuka chumba kipya, ukuta umefika kiunoni, wa matumbawe meupe yenye harufu ya bahari bado.

"Cha mtoto hicho," jirani alisema bila kuulizwa. "Alitaka mkewe akirudi kutoka kujifungua kwao akikute. Masikini ya Mungu."

Shaibu aliukalia ukuta ule, kisha akainuka haraka.

"Afande, mimi na Ukasha tumesoma chuo kimoja cha Kurani."

"Najua."

"Si mtu mbaya."

"Najua hilo pia, Shaibu. Kamlete."

*

Alhamisi asubuhi, kituo cha polisi Kilindoni. Ukasha aliketi mbele ya meza, ndani ya shati lake la kazi, macho yameingia ndani. Clotilda alimweleza haki yake ya kunyamaza. Kisha akaweka mezani bamba moja la springi.

"Unalijua hili?"

"Chuma."

"Cha wapi?"

"Sijui mimi mambo ya magari."

"Mara nane umeandika kirikuu tupu. Ilikuwa tupu?"

Ukasha alivuta mikono yake chini ya meza.

"Ukuta wa chumba chako umejengwa kwa nini?"

"Mawe."

"Yaliletwa na nani?"

"Niliyakuta."

"Jana alfajiri ulikuwa wapi?"

"Msikitini."

"Imamu anasema hakukuona. Nyoosha mkono wa kulia."

Alisita. Pindo la mkono wa shati lilikuwa na doa jekundu, limefuliwa likakataa kutoka.

"Hiyo si damu," Clotilda alisema. "Ni mafuta ya jeki. Hutona ukiilegeza ile skrubu. Fimbo uliyoishika iko njiani kwenda Dar na vidole vyako juu yake. Ukasha, kaka yangu, tusichoshane."

Ukasha aliliangalia lile bamba muda mrefu. Kisha akaliwekea kiganja chake juu, akaanza kulia kama watoto waliavyo, mdomo wazi.

"Mimi ndiye niliyemwambia ayaongeze."

"Eleza."

"Nilitaka chumba cha mawe. Mke wangu azae, arudi, akute chumba. Nikamwambia shemeji, nichukulie matumbawe. Akakataa. Nikambembeleza wiki nzima, nikamwambia ni ya mpwa wako. Nikamfundisha mimi mwenyewe, nyuma isichuchumae na hakuna atakayekusimamisha, mimi ndiye nakaa pale getini, najua tunachotazama. Akaongeza mabamba. Akasema safari nane, kisha nayatoa, Kijakazi bado ana mwezi mzima." Alijifuta machozi. "Haukuisha mwezi."

Clotilda aliandika.

"Jana ilikuwaje?"

"Nilimfuata gereji. Nikamwomba asimwambie mama. Akasema, mama ameniuliza, mama yangu siwezi kumdanganya. Nikamwambia, akijua atanichukia, atanizuia mtoto. Nimebaki na nini mimi? Akasema, huenda. Hivyo tu, huenda. Akaingia chini ya gari, akaendelea kufungua nati. Akaniambia, nipe spana ya kumi na saba."

"Ukampa?"

"Nikalivuta gogo. Alidhani natafuta spana. Akaniuliza, umeiona? Nikalegeza jeki."

Shaibu alikuwa amegeukia dirisha.

Lilikuwapo jambo moja ambalo Clotilda hakutaka kulisema, lakini lilikuwa ndani ya jalada na lingesomwa mahakamani. Afadhali alisikie hapa.

"Nilizungumza na Daktari Gerson aliyempasua mkeo. Anasema kondo la nyuma lilikwisha kuachia tumboni kabla hajapanda gari. Kurushwa kule huenda kulimuua. Huenda pia hakukuongeza kitu, angekufa hata akiwa amelala kitandani. Hajui. Hakuna atakayejua."

Ukasha alinyamaza kulia. Alimtazama kana kwamba hakuelewa Kiswahili.

"Yaani huenda…"

"Ndiyo."

"Lahaula," alisema kwa sauti ndogo. "Lahaula."

Alitia dole gumba kwenye maelezo yake. Kisha akamshika Clotilda pindo la sketi ya sare, mtu mzima, mlinzi wa serikali.

"Afande, andika nimeua. Andika tuligombana, andika lolote. Sababu usiiandike. Usimwambie mama. Nakuomba kwa huyo Mungu wako."

"Imekwisha kuandikwa, Ukasha."

*

Bi Mwanamkuu alikuwa benchini nje, mtoto kifuani. Alitoka Utende usiku wa kuamkia siku ile, kwa miguu, akipumzika kila penye nyumba. Pembeni yake palikuwa na kibakuli cha wali kilichofunikwa, cha mkwewe.

Uani, kirikuu ilisimama na karatasi ya kielelezo kwenye kioo, imelala upande mmoja, kushoto mabamba matatu, kulia saba. Mtu wa kuimalizia alizikwa jana jioni.

"Mmemshika mwanangu bure," alisema bibi. "Nimemletea chakula, na nimekuja anitajie jina. Kesho ndiyo siku ya saba."

Clotilda aliketi karibu naye. Kisheria hakulazimika. Angeweza kumtuma Shaibu, au kuiacha mahakama iseme baada ya mwaka au miwili. Alifikiri juu ya Mbaraka, aliyekuwa akikaza roho kuja kumwambia mama yake. Akamwambia yote: mawe, mabamba, gogo, jeki. Hakuficha hata lile neno la daktari.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alikifunua kile kibakuli, akautazama wali, akakifunika tena.

"Basi mpe ale," alisema. "Umepoa."

"Na jina, mama? Nimuulize?"

"Usimuulize. Nitampa jina mwenyewe."

Akainuka, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akaikaza mara mbili. Jua lilikuwa la saa sita, barabara nyeupe, mashimo matupu hadi Utende.

"Mama, ngoja. Shaibu atakupeleka na gari la polisi. Atakwenda pole pole."

Bi Mwanamkuu aliligeukia lile Landrova, akatazama magurudumu yake ya nyuma, kisha ile kirikuu iliyolala upande.

"Linaruka," alisema. "Nitatembea naye."